Limerick: kutoka dakika tano za mwaka 1994 hadi dakika nane za mwaka 2018

Tarehe 4 Septemba 1994, katika uwanja wa Croke Park jijini Dublin, timu ya hurling, mchezo wa Ayalandi wa mpira na magongo, ya kaunti ya Limerick ilikuwa inaongoza kwa pointi tano dhidi ya Offaly, na zilikuwa zimebaki dakika tano hivi mchezo wa fainali umalizike. Kombe la Ayalandi yote halikuwa limefika Limerick tangu mwaka 1973. Offaly wakapata mpira wa adhabu mita kama ishirini kutoka langoni. Johnny Dooley angeweza kuupitisha juu ya mtambaapanya na kujichukulia pointi moja ya uhakika, lakini aliupiga chini kwa nguvu zote, ukapenya katikati ya miguu na magongo ya waliojipanga mstarini, ukatikisa nyavu. Mpira uliporudishwa uwanjani haukukaa. Ulimfikia Pat O'Connor, naye akauunganisha ukiwa unadunda, likawa bao la pili. Limerick wakajikuta nyuma kabla mashabiki wao hawajaelewa kilichotokea. Billy Dooley, nduguye Johnny, akaongeza pointi tatu mfululizo. Hadi filimbi ya mwisho, Offaly walikuwa wamefunga mabao 2 na pointi 5 bila kujibiwa, na ubao ukasomeka 3-16 kwa 2-13.

Kwa msomaji asiyeufahamu mchezo huu, maandishi hayo husomwa hivi: tarakimu ya kwanza ni mabao na ya pili ni pointi. Mpira ukipita chini ya mtambaapanya ni bao, lenye thamani ya pointi tatu. Ukipita juu yake, katikati ya nguzo mbili ndefu, ni pointi moja. Kwa hiyo Offaly walimaliza na jumla ya 25 dhidi ya 19. Jambo lililoongeza uchungu ni kwamba kocha wa Offaly siku hiyo, Éamonn Cregan, alikuwa mwana wa Limerick, na tena mmoja wa mashujaa wa ubingwa wa mwaka 1973, aliyerudishwa nyuma kucheza katikati ya ulinzi katika fainali ile na kuifanya kazi hiyo kwa ustadi. Aliwafunga watu wa nyumbani kwake, na hakushangilia kama kocha mshindi anavyotarajiwa kushangilia.

Kisa kinachochambuliwa hapa ni hiki: kaunti iliyokaa miaka 45 bila ubingwa, na iliyopoteza fainali tano katika kipindi hicho, ilipata vipi kutwaa makombe matano katika miaka sita, yaani 2018, 2020, 2021, 2022 na 2023? Wengi hutoa jibu la haraka kwamba ni fedha. Wengine husema ni bahati ya kizazi kimoja chenye vipaji. Majibu yote mawili yana ukweli ndani yake, lakini hakuna hata moja linalotosha, kwa sababu Limerick iliwahi kuwa na vipaji tele ikavipoteza. Kwa maoni yangu, kilichobadilika ni daraja linalomvusha kijana kutoka timu ya vijana hadi ya wakubwa. Na juu ya daraja hilo ukajengwa utulivu wa kumaliza mechi iliyokwisha kuiva.

Ili uzito wa swali hili ueleweke, ni lazima kwanza tukumbuke kwamba hurling haina usajili kama ule wa soka. Hakuna dirisha dogo wala dirisha kubwa. Timu ina watu kumi na watano, kila mmoja ana gongo la mbao lenye ubapa mwishoni, na mchezo wa wakubwa ngazi ya kaunti huchukua dakika 70. Mchezaji huichezea klabu ya parokia yake, na akiwa bora huitwa kuiwakilisha kaunti yake. Halipwi mshahara, Jumatatu asubuhi yuko darasani, ofisini au shambani. Kaunti ikikosa mshambuliaji haiwezi kumnunua, inabidi imlee, na malezi yanadai miaka kumi au zaidi.

Limerick haikuwa timu ya kubahatisha. Ilitwaa ubingwa wa kwanza mwaka 1897, na ndiyo iliyokuwa ya kwanza kukabidhiwa kombe la Liam MacCarthy linaloshindaniwa hadi leo, katika fainali ya mwaka 1921 ambayo, kwa sababu ya vita, ilichezwa Machi 1923. Nahodha Bob McConkey ndiye aliyelipokea. Miaka ya 1930 ilikuwa miaka yao. Mick Mackey wa klabu ya Ahane, mtu mwenye kifua kipana aliyependa kukimbia na mpira ukiwa juu ya gongo lake huku mabeki wakimgonga na kudondoka, aliipa timu ubingwa wa 1934, 1936 na 1940, na katikati ya hayo walitwaa ligi ya taifa mara tano mfululizo, kuanzia 1934 hadi 1938. Baadaye ukaja ukimya mrefu, ukavunjwa na ule ushindi wa mwaka 1973 siku ya mvua, 1-21 kwa 1-14 dhidi ya Kilkenny waliomkosa mfungaji wao mkuu, Eddie Keher, aliyekuwa majeruhi. Nahodha alikuwa Éamonn Grimes. Vijana waliouona ushindi huo walizeeka wakiusimulia.

Turudi kwenye majeraha, maana ndiko somo lilipo. Miaka miwili baada ya Offaly, mwaka 1996, Limerick walirudi Croke Park kucheza fainali na Wexford. Kabla ya mapumziko mchezaji mmoja wa Wexford, Éamonn Scallan, alitolewa nje. Limerick wakawa na mtu mmoja zaidi kwa nusu nzima ya pili, na bado wakalala 1-13 kwa 0-14. Kufungwa kwa namna ya mwaka 1994 kunaweza kuitwa ajali. Huku kwa pili kulionyesha kwamba timu haikujua la kufanya na nafasi iliyopewa. Hawakupata namna ya kumtumia yule mtu wa ziada, na kila dakika iliyopita iliwaongezea Wexford imani na kuwapunguzia wao pumzi.

Kisha likaja jambo ambalo, kwangu mimi, ndilo kiini cha kisa chote. Miaka ya 2000, 2001 na 2002 timu ya Limerick ya vijana chini ya miaka 21 ilitwaa ubingwa wa Ayalandi mara tatu mfululizo. Kaunti yoyote ingetazamia kwamba baada ya miaka mitatu au minne vijana hao wangebeba kombe la wakubwa. Hawakulibeba. Kati ya mwaka 2002 na 2010 kiti cha kocha wa timu ya wakubwa kilikaliwa na watu sita tofauti, kila mmoja akija na mipango yake na wachezaji wake anaowaamini. Kijana aliyezoea kushinda aliingia katika chumba ambacho kila msimu kilikuwa na sauti mpya. Mwaka 2007 Richie Bennis, naye shujaa wa 1973, aliipeleka timu fainali baada ya mechi tatu za kukata na shoka dhidi ya Tipperary katika mkoa wa Munster, lakini Kilkenny waliwafunga mabao mawili ya mapema na kuwamaliza 2-19 kwa 1-15.

Hapo hawakuwa wamefika chini kabisa. Mwaka 2009 walikung'utwa na Tipperary katika nusu fainali, 6-19 kwa 2-7, tofauti ya pointi 24. Msimu ulipokwisha, kocha Justin McCarthy aliwaacha wachezaji wapatao kumi na wawili, wengine wakagoma kwa kuwaunga mkono wenzao, na mwaka 2010 Limerick ikacheza msimu mzima kwa kikosi cha kuokoteza. Ikashuka daraja katika ligi, na McCarthy akaondoka. Sitaki kumhukumu yeyote katika ugomvi ule, kwa kuwa kila upande ulikuwa na hoja zake. Ila ni wazi kwamba kaunti iliyokuwa na mabingwa watatu wa vijana miaka minane tu nyuma sasa ilikuwa haina hata timu kamili ya kupeleka uwanjani.

Ni katika kipindi hichohicho cha aibu ambapo watu kadhaa wa kaunti, akiwemo mshambuliaji wa zamani Joe McKenna, walisimamia kituo cha kulea vipaji kilichowakusanya watoto wa kaunti nzima tangu wakiwa na umri wa miaka kumi na minne hivi. Wazo lenyewe lilikuwa rahisi kulieleza na gumu kulitekeleza: makocha wa ngazi zote wafundishe kwa lugha moja, na mtoto apande ngazi bila kulazimika kuanza upya kila anapofika juu. Mazoezi ya viungo yalianza mapema, ili kijana anapofika timu ya wakubwa mwili wake uwe umekwisha kukomaa badala ya kuanza kujengwa akiwa na miaka 21, wakati wenzake wa Kilkenny wamekwisha kuwa na mabega.

Mambo mawili mengine yaliingia katika mkondo huo bila mtu mmoja kuyapanga. La kwanza ni shule ya sekondari ya Ardscoil Rís, iliyopo ndani ya jiji la Limerick, iliyotwaa kombe la shule za Munster mwaka 2010, 2011, 2014 na 2016. La pili ni klabu ya Na Piarsaigh, ya jiji hilohilo, iliyoanzishwa mwaka 1968. Hapa ni vyema kukumbuka kwamba jiji la Limerick ni ngome ya raga. Kwa vizazi vingi hurling ilikuwa mchezo wa vijijini, mashariki na kusini mwa kaunti, na mtoto wa mjini alikuwa na mpira wa aina nyingine mkononi. Machi 2016 Na Piarsaigh wakawa klabu ya kwanza ya Limerick kuwa bingwa wa klabu za Ayalandi. Jiji likawa limejiunga na mchezo, na hilo peke yake lilipanua sana idadi ya watoto ambao kaunti ingeweza kuchagua kutoka kwao.

Mwaka 2015 vijana chini ya miaka 21 wakatwaa ubingwa, wakiwemo Diarmaid Byrnes, Seán Finn, Cian Lynch na Tom Morrissey. Mwaka 2017 wakautwaa tena, safari hii wakiwa na Aaron Gillane na Kyle Hayes. Tofauti na mwanzo wa miaka ya 2000 ni hii: kocha wa vijana wa mwaka 2015, John Kiely, mwalimu mkuu wa shule katika mji wa Tipperary, ndiye aliyekabidhiwa timu ya wakubwa mwishoni mwa 2016. Vijana walipovuka mto walimkuta ng'ambo mtu aliyewajua kwa majina, tabia na udhaifu wao. Tena hakuondolewa baada ya msimu wa kwanza, ingawa mwaka 2017 timu haikufua dafu.

Kiely alimleta Paul Kinnerk, mtu wa Limerick aliyekuwa mkufunzi wa Clare walipokuwa mabingwa mwaka 2013. Kinnerk hakuamini katika kupanga foleni ya wachezaji na kuwakimbiza kuzunguka koni. Mazoezi yake ni michezo midogo yenye masharti, ambamo mchezaji analazimika kuamua haraka: apige mbali, ampe mwenzake aliye karibu, au abaki na mpira. Matokeo yake yalionekana uwanjani. Zamani beki wa hurling akipata mpira aliutandika mbali kadiri mkono ulivyoweza, kisha akaomba Mungu. Limerick mpya ilianza kuutoa mpira nyuma kwa pasi fupi za mkono na za gongo hadi apatikane mtu mwenye nafasi, na mtu huyo aliweza kupiga pointi hata akiwa mita 70 kutoka langoni.

Mtihani ulikuja mwaka 2018. Walianza mwaka wakiwa bado katika daraja la pili la ligi, wakapanda. Katika robo fainali waliifunga Kilkenny 0-27 kwa 1-22, ushindi wao wa kwanza dhidi ya Kilkenny katika michuano ya ubingwa tangu ile fainali ya 1973. Nusu fainali dhidi ya Cork ilikuwa karibu kuwa 1994 nyingine, ila safari hii wao ndio waliokuwa nyuma: pengo la pointi sita liliwaelemea mchezo ukielekea ukingoni, wakalifuta. Muda wa kawaida ukiwa unayoyoma na timu zikiwa sawa, Séamus Harnedy wa Cork alibaki na kipa peke yake, akainua gongo apige. Kipa Nickie Quaid hakungoja shuti. Aliruka mbele na kwa ncha ya gongo lake akaugusa mpira tu, kiasi cha upana wa kiganja, ukatoka chini ya gongo la Harnedy likawa linashuka kupiga hewa. Limerick wakashinda katika muda wa ziada, 3-32 kwa 2-31. Quaid ni mtoto wa Tommy Quaid, aliyelinda lango hilohilo kwa karibu miaka ishirini bila kupata medali ya ubingwa. Na kipa wa mwaka 1994, Joe Quaid, ni wa ukoo huohuo. Kwa miaka mingi watu walimsema Joe kwamba aliharakisha kuurudisha mpira baada ya bao la Dooley.

Fainali ilichezwa tarehe 19 Agosti dhidi ya Galway, bingwa mtetezi, mbele ya watu zaidi ya 82,000. Mabao ya Graeme Mulcahy, Tom Morrissey na Shane Dowling yaliiweka Limerick mbele kwa pointi nane zikiwa zimebaki dakika mbili. Ndipo zikaongezwa dakika nane. Kila mtu wa Limerick aliyekuwa na umri wa kukumbuka alijua anachokumbuka. Conor Whelan akafunga bao. Joe Canning akasimama kwenye mpira wa adhabu, akafunga jingine, kama alivyofanya Dooley. Pengo likabaki pointi moja. Mwishoni kabisa Canning akapata mpira mwingine wa adhabu, akiwa mbali sana, katika nusu yake ya uwanja. Akaupiga kwa nguvu zake zote, ukapaa, ukashuka katikati ya msitu wa magongo mbele ya lango la Quaid. Tom Condon, aliyetokea benchi, akautoa katika rundo lile, filimbi ikalia. 3-16 kwa 2-18.

Mtu anaweza kusema kwamba ilikuwa bahati, na mpira ule ungeweza kumdondokea mtu wa Galway. Nakubali. Timu iliyoruhusu mabao mawili ndani ya dakika chache haikuwa imepona kabisa. Lakini tofauti na 1994, kati ya bao na bao Limerick walipata pointi yao, nao waliendelea kuugombea mpira kila ulipodunda badala ya kusimama na kutazamana. Pointi ile moja ndiyo iliyowatenganisha na Galway.

Kilichofuata kinaweza kusimuliwa kwa haraka zaidi. Mwaka 2019 Kilkenny waliwatoa kwa pointi moja katika nusu fainali. Desemba 2020, katika uwanja usio na watazamaji kwa sababu ya janga la korona, waliifunga Waterford 0-30 kwa 0-19. Mwaka 2021, katika fainali ya Munster, walikwenda mapumziko wakiwa nyuma ya Tipperary kwa pointi kumi na wakashinda kwa tano. Mwezi uliofuata waliisambaratisha Cork 3-32 kwa 1-22. Mwaka 2022 waliifunga Kilkenny 1-31 kwa 2-26, na mwaka 2023 wakaifunga tena, 0-30 kwa 2-15, baada ya kuwa nyuma wakati wa mapumziko na kisha kufunga pointi 21 katika kipindi cha pili bila kuhitaji hata bao moja. Makombe manne mfululizo ni rekodi ambayo kabla yao ilifikiwa na Cork ya 1941 hadi 1944 na Kilkenny ya 2006 hadi 2009 pekee.

Sasa tuje kwenye fedha. Mfadhili mkuu wa Limerick ni J.P. McManus, tajiri anayejulikana zaidi kwa farasi wa mbio, mtu wa klabu ya South Liberties ya kaunti hiyohiyo. Msaada wake ni mkubwa, na ni haki kwa wapinzani kulalamika kwamba si kila kaunti ina McManus wake. Lakini alikuwa akiifadhili timu hata katika miaka ya vipigo. Fedha zilikuwepo mwaka 2009 ilipofungwa kwa pointi 24, na zilikuwepo wakati wa mgomo wa 2010. Fedha haziwezi kumnunua mchezaji katika mchezo usiouza wachezaji. Zinachoweza kufanya ni kulipia chakula, usafiri, wataalamu na viwanja vya watoto, na hilo lina faida pale tu ambapo kuna utaratibu wa kuzitumia. Kwa upande mwingine, lazima nikiri kwamba bila fedha hizo kituo cha watoto kingekuwa cha kinyonge zaidi.

Kombe la tano mfululizo, ambalo hakuna kaunti iliyowahi kulipata katika hurling, halikupatikana. Julai 2024 Cork waliwafunga 1-28 kwa 0-29 katika nusu fainali, pointi mbili tu. Mwaka 2025 Cork haohao waliwavua ubingwa wa Munster, waliokuwa wameushikilia kwa miaka sita mfululizo, kwa mikwaju ya penalti, nyumbani kwao Limerick. Wiki mbili baadaye walicheza robo fainali na Dublin pale Croke Park. Nahodha wa Dublin, Chris Crummey, alitolewa kwa kadi nyekundu mapema katika kipindi cha kwanza, na Limerick, kama mwaka 1996, wakawa na mtu mmoja zaidi na muda wote wa kumtumia. Katika kipindi cha pili John Hetherton akaifungia Dublin bao, Cian O'Sullivan akafuatisha la pili, na ubao wa mwisho ukasomeka 2-24 kwa 0-28.